Bidoni inaonekana safi, lakini maziwa yanakatika: tujue ukoga wa mikrobe na namna ya kuuondoa



Katika vituo vyetu vya kukusanya maziwa, iwe Masisi, Rutshuru, Lubero ao Walungu, kuna ugomvi mmoja unaorudi kila wakati. Memba analeta lita zake asubuhi. Ng'ombe wake ni mzima, amekamuliwa vizuri, na maziwa hayakuongezwa hata tone la maji. Tekinisia anachukua kidogo, anachanganya na alkoli, na pale pale maziwa yanafanya vipande vipande. Yanakataliwa. Memba anarudi nyumbani na hasira yake, na nyuma yake watu wanaanza kusema: huyu analeta maziwa ya jana, huyu anatudanganya.

Na siku ile maziwa kama hayo hayakugunduliwa, yanamwagwa ndani ya tanki pamoja na ya wengine. Hapo hasara si ya mutu mmoja tena. Fromaji inavimba na kutoboka matundu kabla ya kukomaa, ao maziwa yanakatika njiani kabla ya kufika Goma ao Bukavu, na koperative nzima inakosa faranga za siku hiyo.

Ni kweli, ugonjwa wa kiwele unaweza kukatisha maziwa, na maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi pia. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni bidoni yenyewe, hata ile iliyooshwa jana jioni na inayong'aa ukiichungulia. Katika makala hii tunataka kueleza ni nini kinabaki ndani yake, kwa nini kinashika namna ile, na kwa nini kumwaga javeli peke yake hakusaidii. Tutaanza na mikrobe mwenyewe, sababu mutu akijua mikrobe amevaa nini, ataelewa pia kwa nini kuosha kuna mupango wake.

Mikrobe wanapenda kukaa kwa kundi

Pitisha ulimi kwenye meno yako asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Unasikia kitu cha kuteleza. Huo ni ukoga. Ni mikrobe maelfu kwa maelfu waliojishikiza kwenye jino na kujifunika na gundi waliyoitengeneza wao wenyewe. Wataalamu wanaita kitu hicho biofilimu. Sisi tutaendelea na neno ukoga, sababu kila mutu anaujua kinywani mwake.

Ukoga kama huo unakaa kwenye mawe ya mutoni yanayoteleza, ndani ya bomba la maji, kwenye chuchu ya mashine ya kukamulia, na ndani ya bidoni ya maziwa. Mutu wa kwanza kuutazama vizuri alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, katika miaka ya 1680. Alichukua ukoga wa meno yake mwenyewe, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza kwa mikono, akaona viumbe vidogo vinatembea. Akajaribu pia kuviua na siki. Akaona kwamba siki inaua wale wa juu tu. Wale walio ndani ya ukoga hawaguswi. Mushike neno hili, tutalirudilia tukifika kwa javeli.

Karibu miaka 300 baadaye, katika 1978, mtaalamu J. William Costerton na wenzake huko Canada waliandika makala iliyoeleza namna bakteria wanavyojishikiza juu ya vitu. Tangu hapo watu wengi wamekubali kwamba mikrobe anayeogelea peke yake hana maisha sawa na mikrobe aliyejishikiza pamoja na wenzake. Yule anayeogelea anakufa kwa urahisi. Yule wa ukoga ni mgumu.

Mikrobe amevaa nini?

Bakteria mmoja ni mdogo sana: ukiwapanga mia tano hadi elfu moja kwa mstari, watajaza milimita 1 tu. Lakini mwili wake una mpaka, kama boma lilivyo na uzio. Mpaka huo ni utando wa seli.

Utando umejengwa kwa mafuta. Kila kipande chake kina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayokimbia maji. Vipande hivyo vinajipanga safu mbili: vichwa vinatazama nje na ndani, kwenye maji, na mikia inajificha katikati. Ndani ya mafuta hayo mumepandwa protini nyingi. Nyingine ni milango ya chakula, nyingine zinasikia hali ya nje, nyingine ni mizizi ya nywele na mikia ambayo mikrobe anatumia kuogelea na kushika.

Wote hawavai sawa. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alipata njia ya kuwapaka rangi na kuwatenga makundi mawili. Kundi la kwanza lina utando mmoja na juu yake ukuta mnene. Ndimo walimo Staphylococcus wa ugonjwa wa kiwele na bakteria wengi wanaochachisha maziwa. Kundi la pili lina ukuta mwembamba, na nje ya ukuta kuna utando wa pili uliojaa mafuta na sukari. Ndimo walimo E. coli wa mavi na Pseudomonas wa maji machafu. Utando ule wa pili ni kama koti la mvua: dawa nyingi zinateleza juu yake bila kuingia.

Mambo mawili ya nguo hii yanatuhusu sana. La kwanza ni umeme. Ngozi ya nje ya bakteria wengi ina umeme kidogo wa upande wa kutoa, na ukuta wa bidoni mara nyingi una umeme wa upande ule ule. Vitu viwili vya namna hiyo vinasukumana, kwa hiyo mikrobe hangeshika kwa urahisi. La pili ni mafuta. Mikrobe ambaye ngozi yake inakimbia maji anatafuta kitu kingine kinachokimbia maji ili ajibandike hapo.

Namna ukoga unavyojengwa ndani ya bidoni

Hatua ya kwanza tunaifanya sisi wenyewe. Maziwa yakiingia ndani ya bidoni, kwa dakika chache tu protini na mafuta yake yanapaka ukuta. Munaweza kumwaga maziwa yote, ile rangi nyembamba inabaki. Macho hayaioni.

Hatua ya pili, mikrobe anafika. Umeme ungemsukuma mbali, lakini maziwa yana kalisi nyingi. Kalisi ina umeme wa upande mwingine, basi inakaa katikati na kushikanisha mikrobe na ukuta, kama mutu anayepatanisha majirani wawili waliogombana. Hapo bado hajashika sana. Ukisugua sasa, anatoka.

Hatua ya tatu, anasikia. Protini za utando wake zinatambua kwamba amegusa kitu kigumu. Kwa wengine ni ule mukia wa kuogelea unaokwama, na motere yake iliyofungwa kwenye utando inatoa habari ndani. Mikrobe anabadilisha kazi: anaacha kuogelea, anatoa nywele za kushika, anaanza kutengeneza gundi.

Hatua ya nne ni gundi yenyewe. Ni mchanganyiko wa sukari, protini na maji mengi, unaopita kwenye utando na kutoka nje. Mikrobe wanazaliana ndani yake, na wageni wa namna nyingine wanakuja kukaa humo. Bidoni iliyofungwa na unyevu usiku mzima, fasi yenye joto, inawapa muda wa kutosha.

Hatua ya tano njo inatuumiza mufuko. Ukoga ukikomaa, mikrobe wengine wanajifungua na kuondoka kwenda kutafuta chakula kipya. Asubuhi munamwaga humo maziwa mazuri yenye joto la ng'ombe. Tuseme mikrobe mmoja anajigawa kila dakika 30. Kwa saa 5 za njia, yeye peke yake anakuwa 1.024. Na hawakutoka mmoja, walitoka maelfu.

Plastiki na chuma

Munajua sahani ya plastiki iliyoliwa sombe yenye mawese. Unaosha mara ya kwanza, mara ya pili, bado inateleza na rangi nyekundu inabaki. Sufuria inatakata mapema. Sababu ni kwamba plastiki inakimbia maji na kupenda mafuta. Mafuta ya maziwa yanaishika, na mikrobe wenye ngozi ya mafuta wanaishika pia.

Bidoni ya njano ina shida zingine mbili. Plastiki ni laini: mchanga ao majani magumu yakitumiwa kuisugua, yanaichora mifereji midogo, na kila mufereji ni nyumba ya mikrobe. Halafu shingo yake ni nyembamba na mukono wake uko wazi ndani. Hakuna brosi inayofika mule kwenye mukono. Maziwa yanaingia, maji ya kuosha yanapita haraka, na ukoga unakaa kwa amani.

Inoksi ao aluminiumu yenye mdomo mpana ni bora. Tunajua bei yake si ndogo. Lakini tutazame pia bei ya lita zinazomwagwa kila wiki.

Kwa nini baridi peke yake haitoshi

Wengine wanasema: sisi tuko mlimani, kuna baridi, mikrobe hawatazaa. Baridi inasaidia sana, na tanki la digrii 4 ni jambo jema. Lakini tazama mafuta ya mawese asubuhi ya baridi: yanaganda. Mafuta ya soya yanabaki maji. Mafuta hayafanani.

Mikrobe wengi wangegandishwa vile na baridi. Utando wao unakuwa mgumu, milango yake haifanyi kazi, wanapunguza kuzaa. Lakini Pseudomonas na ndugu zake wana ujanja: wanabadilisha mafuta ya utando wao, wanaweka yale yasiyoganda. Wanaendelea kuzaa polepole ndani ya tanki la baridi na kujenga ukoga kwenye bomba na kwenye valvu. Ubaya zaidi, wanatoa vimeng'enya vinavyokula mafuta na protini ya maziwa, na vingine havikufi hata maziwa yakichemshwa. Ndiyo sababu fromaji inaweza kuwa chungu hata kama maziwa yalipashwa moto vizuri. Baridi inachelewesha shida, haisafishi bidoni.

Kwa nini javeli peke yake haishindi

Turudi kwa Leeuwenhoek na siki yake. Javeli inaua kwa kushambulia utando na protini za mikrobe. Lakini klori iliyo ndani yake haichagui. Ikikuta mabaki ya maziwa, inapigana nayo. Ikikuta gundi, inapigana na gundi. Ikifika kwa mikrobe wa ndani, imekwisha nguvu. Tena wale wa chini kabisa wako kama wamelala, hawafanyi kazi nyingi, na dawa haiwapati kwa urahisi. Wataalamu wamepima: mikrobe wa ukoga wanaweza kuvumilia dawa mara kumi, hata mara mia na zaidi, kuliko mwenzao anayeogelea peke yake.

Sabuni inafanya kazi nyingine. Kipande cha sabuni kimejengwa karibu sawa na kile cha utando: kichwa kinapenda maji, mukia unapenda mafuta. Mikia inaingia ndani ya mafuta ya maziwa, inayang'oa ukutani, na inapasua pia utando wa mikrobe wengi. Brosi inavunja gundi. Kisha dawa inakuja kumaliza wachache waliobaki wazi. Kwa hiyo mupango ni huu: kwanza ng'oa, baadaye ua. Mutu anayeanza na javeli anapoteza javeli.

Namna ya kuosha bidoni, hatua sita

1. Suuza mara moja, maziwa yakisha kumwagwa. Usingoje jioni. Tumia maji ya uvuguvugu, digrii 35 hadi 40, yale mukono unasikia joto kidogo tu. Usianze na maji ya kuchemka: yanapika protini ya maziwa ukutani, kama ute wa yai unavyoshika kwenye sufuria.

2. Osha kwa maji ya moto na sabuni. Digrii 50 hadi 60, mukono hauwezi kukaa muda mrefu. Tumia brosi yenye mukono mrefu. Sugua chini, shingoni, kifuniko na mpira wake. Mpira utolewe, uoshwe peke yake. Usitumie mchanga. Soda kali isitumiwe kwenye aluminiumu, inaila.

3. Suuza tena kwa maji safi mpaka kidole hakitelezi tena. Kama maji yenu ni ya mutoni, yachemsheni kwanza; ukisuuza na maji machafu unarudisha Pseudomonas ndani.

4. Ua waliobaki. Kwa bidoni ya chuma, maji ya kuchemka yanatosha. Kwa plastiki, tumia javeli. Soma karatasi ya chupa: kama inasema klori asilimia 2,6, mililita 80 ndani ya lita 10 za maji zinatoa karibu miligramu 200 kwa lita. Paka kila fasi, ngoja dakika 5, mwaga, suuza na maji yaliyochemshwa.

5. Kausha. Bidoni igeuzwe mdomo chini juu ya kichanja, bila kifuniko, juani. Gundi ya mikrobe inataka maji. Bidoni kavu ni fasi mbaya kwao.

6. Mara moja kwa wiki, toa lile jiwe jeupe la maziwa kwa siki ao maji ya ndimu, kisha suuza sana. Jiwe hilo ni kalisi, na tumeona kalisi inavyoshikanisha. ANGALISHO: siki ao ndimu isichanganywe hata kidogo na javeli. Inatoa hewa ya klori inayochoma mapafu.

Bidoni iliyobeba mazuti, petroli ao dawa ya shamba isibebe maziwa hata siku moja, hata ikioshwa mara ngapi.

Na moshi wa wazee wetu?

Wafugaji wengi wanajua kufukiza kibuyu ao chombo cha muti kwa moshi wa miti fulani. Kuna maana ndani yake. Moshi una vitu vya namna ya fenoli vinavyotoboa utando wa mikrobe, na joto lake linakausha chombo. Kwa maziwa ya nyumbani ni desturi nzuri. Lakini moshi, kama javeli, hauingii ndani ya ukoga mnene. Chombo kioshwe kwanza, ndipo kifukizwe. Na kwa maziwa ya kuuza muulizane kwanza na mnunuzi, sababu harufu ya moshi inaingia ndani ya fromaji.

Namna ya kujipima wenyewe

Kwa bidoni ya chuma, mimina maji safi ndani na kuyamwaga. Kama maji yanabaki yametandaa sawa ukutani, ni vizuri. Kama yanajikusanya matone matone, bado kuna mafuta. Kwa plastiki jaribio hili halifai, sababu plastiki hata safi inafanya matone. Humo tumia kidole na pua: kidole kikiteleza, ao bidoni iliyofungwa usiku ikitoa harufu ya chachu asubuhi, ukoga uko.

Tunaomba kila kikundi kifanye jaribio hili moja, siku ya mukutano. Chukueni maziwa ya ng'ombe mmoja, myagawe kwenye bidoni mbili za namna moja. Moja iwe imeoshwa kama kawaida, nyingine kwa hatua sita. Ziwekeni kivulini. Kila saa chemsheni kijiko kimoja cha kila bidoni na kutazama ni ipi inakatika kwanza. Hakuna hotuba yetu itakayoshinda yale mutakayoona kwa macho.

La mwisho ni kwa komite. Brosi moja ndefu, termometa moja na kichanja kimoja pale kituoni ni gharama ndogo ambayo wote wanaweza kuchangia. Bidoni za inoksi zinaweza kununuliwa polepole, kwa kukata kidogo juu ya kila lita, na kuanzia na wale wanaotoka mbali zaidi. Na siku maziwa ya memba yatakataliwa, kabla ya kumuita mwongo, mufungue bidoni yake, mupitishe kidole.